Deni na Rehema: Uchambuzi wa Kisa cha Mhazini Aliyerudi Kundini

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika usharika mmoja wa vijijini, kaskazini mwa Tanzania, wakati mimi nikiwa mchungaji wake. Mhusika na mkewe wameyasoma maandishi haya na kuridhia yatumike kuwafundishia wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa. Majina, miaka na alama za mahali zimeondolewa, na viwango vya fedha vimebadilishwa kidogo. Nimekiandika kwa sababu katika kisa hiki mtu mmoja alikaribia kupotea kabisa, na sehemu ya kilichomsukuma ilikuwa sentensi moja niliyoitamka mimi mbele ya baraza la wazee, nikiamini kwamba ninalinda utakatifu wa kanisa.

Usuli

Mhusika alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka hamsini hivi, baba wa watoto wanne, na kwa miaka tisa alikuwa mzee wa kanisa asiyetiliwa shaka. Usharika ulipoanzisha mfuko wa kuezeka kanisa jipya, watu walimtaja yeye kwa sauti moja kuwa mhazini wa mfuko huo.

Fedha zilipatikana kwa njia inayojulikana na kila anayesali vijijini. Baada ya ibada, sadaka za mazao zilipigwa mnada nje ya kanisa: mkungu wa ndizi, debe la maharage, jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Kulikuwa na mama mmoja mjane ambaye kila Jumapili alileta mayai matatu katika bakuli la plastiki, na mara nyingi aliyeyanunua aliyarudisha yapigwe mnada tena, hivyo mayai yale matatu yakauzwa mara tatu au nne kabla ya kufika jikoni kwa mtu. Ninamtaja kwa sababu katika mambo ya namna hii tunazoea kusema “fedha za kanisa” kana kwamba hazikutoka mkononi mwa yeyote.

Mwalimu alipokea fedha hizo, akaandika stakabadhi, akazipeleka benki peke yake. Stakabadhi zilikuwa kamili na mwandiko wake ulikuwa safi. Kwa miezi minane hakuna aliyeomba kuiona taarifa ya benki, na aliyepaswa kuiomba kabla ya wote ni mimi.

Katika kipindi hicho mama yake mzazi aliugua na kulazwa katika hospitali ya rufaa mbali na nyumbani. Mwalimu alikopa shilingi 1,000,000 kwa mtu binafsi, mkopo ule ambao mitaani huitwa kausha damu. Mkopeshaji alichukua kadi yake ya benki pamoja na namba yake ya siri, na kila mwisho wa mwezi alikuwa wa kwanza kufika kwenye mashine, akatoa riba yake, kisha akamtumia mwenye mshahara kilichosalia. Mkewe hakujua. Aliambiwa kwamba makato ya serikali yameongezeka.

Mfuatano wa matukio

Jumapili moja jioni, akiwa na fedha za mnada mezani kwake, Mwalimu alitenga shilingi 300,000 na kuzituma hospitali, kwa nia ya kuzirudisha mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulipofika hazikurudi, na mwezi uliofuata alichukua nyingine. Mama yake alifariki dunia katika mwezi wa tano, na kwa maneno yake mwenyewe, baada ya mazishi ndipo alipochukua nyingi zaidi, kwa sababu deni lilikuwa limebaki lakini sababu ya kulisamehe moyoni mwake ilikuwa imezikwa.

Mafundi walipomaliza kupandisha kenchi na kuulizia mabati, alisema mtandao wa benki uko chini. Wiki ya pili alisema meneja amesafiri. Wiki ya tatu alikuja nyumbani kwangu usiku, akakaa muda mrefu bila kugusa chai, kisha akakiri kwamba alikuwa amechukua shilingi 1,200,000. Nilisikitika, lakini pia nilifurahi kwamba amekuja mwenyewe. Nikamwombea, nikamtangazia msamaha, tukakubaliana kwamba tutalieleza baraza pamoja.

Siku kumi baadaye taarifa ya benki ilionyesha upungufu wa shilingi 5,400,000.

Nakiri kwamba kilichoniumiza hapo hakikuwa mabati. Niliona kwamba amenifanya nitamke jina la Mungu juu ya uongo. Nilikwenda barazani nikiwa na hasira, na hasira hiyo niliita uthabiti. Baraza lilimvua uzee na uhazini, likaamua arudishe fedha zote kwa shilingi 150,000 kila mwezi, na likamweka nje ya Meza ya Bwana. Mzee mmoja aliuliza ni mpaka lini. Nikajibu: “Akimaliza kulipa, tutaona.” Uamuzi ulisomwa mbele ya usharika wote Jumapili iliyofuata, yeye akiwa amesimama mbele na mkewe ameketi benchi la tatu. Siku hiyo ndipo mke alipojua.

Alilipa miezi miwili. Mwezi wa tatu hakuja ibadani wala hakulipa, na binti yake wa pili aliacha kwaya. Tulisikia kwamba anafundisha kama kawaida lakini akitoka shuleni anakaa shambani mpaka giza liingie. Baadhi yetu tulisema ameasi. Wala hatukumtuma mtu kwenda kuuliza.

Aliyekwenda alikwenda bila kutumwa. Ni mzee wa kanisa wa mtaa wake, mkulima wa kahawa aliyepita miaka sabini, mtu asiye na maneno mengi. Mwezi wa nne, usiku, alimkuta Mwalimu shambani ameketi juu ya kisiki, na baada ya salamu akaketi chini kando yake. Baada ya kimya kirefu Mwalimu alisema kwamba Mungu amekwisha kumtoa katika hesabu yake, na kwamba watoto wangepumua kama yeye asingekuwapo. Mzee akamuuliza waziwazi, “Mwalimu, unafikiria kujiua?” Akajibu, “Ndiyo, Mzee.” Mzee hakumkemea wala hakumhubiria. Alimwambia, “Basi leo nalala kwako,” akalala kwake, kwenye kiti cha sebuleni, na asubuhi alimpeleka shemeji wa Mwalimu kuniita.

Sisi watatu tulifuatana naye hadi hospitali ya wilaya, ambako alipata huduma ya wataalamu wa afya ya akili na kupangiwa tarehe za kurudi. Nasisitiza kwamba tulikwenda hospitali kabla ya kuitisha maombi ya pamoja, na kwamba hakuna aliyeona mambo hayo mawili yanapingana.

Daftari

Wiki iliyofuata nilikwenda nyumbani kwake. Alinionyesha daftari la shule, lile la kurasa 80, alilokuwa ameligawa kwa rula katika safu mbili. Upande wa kushoto aliandika kila kiasi alichochukua na tarehe yake. Upande wa kulia aliandika alicholipa: mistari miwili tu. Chini kabisa alikuwa amekokotoa miezi iliyobaki, akaigeuza kuwa miaka, kisha akaandika mwaka wa mwisho wa deni na kando yake neno moja: “Msamaha.” Neno hilo alilizungushia duara kwa kalamu nyekundu, kama wafanyavyo walimu.

Nikamuuliza maana yake. Akaniambia, “Mchungaji, si ulisema nikimaliza tutaona? Nimepiga hesabu. Nikikosa mwezi mmoja tu, inasogea mbele. Nikifa kabla ya hapo, nakufa nje.”

Niliomba anisamehe. Nilimwambia kwamba nililosema barazani lilikuwa kosa, kwamba sikuwa na mamlaka ya kuufunga msamaha wa Mungu katika marejesho ya kila mwezi, na kwamba nitarudi barazani kulisema hilo. Kisha tukafungua Biblia. Tulianza na Mathayo 18, kwa mtumwa aliyewiwa talanta elfu kumi. Mtumwa yule anaomba avumiliwe ili alipe yote. Bwana wake hampi muda, anamsamehe deni. Mwalimu alisoma mistari hiyo mara mbili, akasema, “Aliomba ratiba.” Nami, ambaye nimehubiri sura hiyo zaidi ya mara moja, sikuwahi kuiona hivyo.

Lugha yetu ilitusaidia pale. Katika Biblia ya Kiswahili, Sala ya Bwana katika Mathayo 6:12 inasema, “Utusamehe deni zetu.” Kwa mtu ambaye neno deni lilikuwa limemvua nguo mbele ya usharika, kulikuta neno hilohilo katika sala aliyoijua tangu utotoni, likiwa limetanguliwa na “utusamehe”, kulikuwa kama kukutana na ndugu katika mji wa ugenini.

Maamuzi ya awamu ya pili na sababu zake

Baraza lilikutana tena. Nilieleza kosa langu, na mzee wa kahawa akaeleza alichokiona shambani, kwa ruhusa ya Mwalimu. Mjadala ulikuwa mkali na ulistahili kuwa mkali. Mama wa mayai aliomba kusikilizwa akasema, “Mimi nimefiwa pia, na sikugusa cha mtu.” Hakuna aliyepata jibu, na nadhani halikupaswa kupatikana.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuyatenganisha mambo mawili tuliyoyafunga pamoja. Deni lingeendelea kulipwa lote, kwa stakabadhi na mashahidi wawili, kwa sababu paa halikuwa letu kulisamehe. Lilikuwa la wale waliotoa. Msamaha na Meza ya Bwana havingesubiri malipo. Mfano uliotushawishi ni Zakayo katika Luka 19. Bwana Yesu anasema, “Leo wokovu umefika nyumbani humu,” katika saa ambayo Zakayo ameahidi kurudisha mara nne lakini hakuna hata mtu mmoja aliyekwisha kurudishiwa senti. Ahadi ni ya kweli na itatimizwa, ila wokovu hauketi mlangoni kungoja hesabu ifungwe. Mzee mmoja alikumbusha Mambo ya Walawi 6, ambako aliyedhulumu anarudisha yote na kuongeza sehemu ya tano. Tuliamua kutoidai sehemu hiyo, tukiona kwamba riba ilikwisha kumla kiasi cha kutosha.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuweka tarehe. Ibada ya kumrudisha kundini ilipangwa baada ya wiki sita, na tarehe hiyo aliambiwa siku hiyohiyo.

Uamuzi wa tatu ulihusu kuungama hadharani. Wapo waliotaka asimame tena aeleze yote, na hoja yao ina mizizi. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotokea Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanzania, uliwafundisha babu zetu kwamba dhambi inayofichwa huoza, na kwamba anayetaka kutembea nuruni huitaja mbele ya ndugu. Sitaudharau urithi huo hata kidogo. Lakini katika ushirika wa walokole, watu wa uamsho huo, aliyeungama alikuwa amezungukwa na watu waliokuwa wakiungama nao. Leo anasimama mmoja, na mia nne wanaketi kumtazama. Tuliamua kwamba tangazo la kwanza lilitosha kuwa ukweli wa hadharani. Siku ya kurudi angejibu maswali mafupi ya liturujia, na usharika wote ungesoma maungamo pamoja naye.

Uamuzi wa nne ulikuwa wa kawaida kabisa, na huenda ndio uliomsaidia mkewe kuliko yote: shemeji wa Mwalimu na mtendaji wa kijiji walikwenda kwa mkopeshaji, ndugu wakachanga kiasi kilichosalia cha mkopo halisi, na kadi ya benki ikarudi mikononi mwa mwenyewe. Siku hiyohiyo alibadilisha namba ya siri, na mkewe akiwa amesimama kando yake.

Matokeo

Alirudishwa kundini katika tarehe iliyopangwa. Tulisoma Zaburi ya 130: “Bwana, kama Wewe ungehesabu maovu, Ee Bwana, nani angesimama?” Ninalokumbuka ni mikono. Alipopiga magoti kwenye madhabahu alikuwa ameificha chini ya koti, na nilipomfikia na mkate hakuitoa. Nilingoja. Waliokuwa kando yake walingoja. Kisha akatoa mkono mmoja, kiganja juu, kukiwa bado na chaki kwenye mikunjo ya vidole.

Deni lilimalizika baada ya miezi 41, wakati ratiba ilikuwa miezi 36. Miezi mitano alishindwa, na tangu aliporudishwa kundini, kila aliposhindwa alikuja mwenyewe kusema kabla ya tarehe. Kanisa liliezekwa kwa kuchelewa mwaka mmoja, baada ya usharika kuchangishana tena. Uhazini hakurudishiwa, wala hakuuomba. Aliendelea kuhudhuria hospitali kwa zaidi ya mwaka. Binti yake alirudi kwaya baada ya miaka miwili.

Uchambuzi

Lililofaulu kuliko yote lilifanywa nje ya mpango wetu. Mzee mmoja alikwenda, aliuliza swali lenyewe kwa jina lake, na alilala pale. Kama angengoja kikao, kisa hiki kingeandikwa kwa namna nyingine. Wapo wanaoogopa kwamba kumuuliza mtu kuhusu kujiua ni kumtia wazo kichwani. Wazo lilikuwapo, na lililokosekana lilikuwa mtu wa kulisikia. Tangu wakati ule, kila anayewekwa chini ya nidhamu katika usharika ule hupewa mzee mmoja wa kumtembelea kila wiki, na jina la mzee huyo huandikwa katika uamuzi wenyewe.

Kosa la kwanza lilikuwa la utaratibu. Tulimwacha mtu mmoja na fedha kwa miezi minane na kuita huko kumwamini. Mwaminifu naye anahitaji mtu wa pili mezani, hasa jioni ile ambayo simu ya hospitali inalia. Sasa wanahesabu watatu, na taarifa ya benki hubandikwa ubaoni kila robo mwaka.

Kosa la pili lilikuwa jinsi nilivyopokea nusu ya ukweli. Alipokiri shilingi 1,200,000 nilikimbilia msamaha kwa sababu kimya chake kilinilemea. Kama ningemuuliza kwa upole, “Mwalimu, kuna nyingine?” nadhani angesema; yeye mwenyewe ananiambia angesema. Mtu anayezama huinua kwanza mkono, na kazi ya aliye ukingoni ni kuvuta mpaka mwili wote utoke. Nilipogundua zilizobaki, nilihesabu kule kujaribu kwake kuwa ni ulaghai mtupu, ilhali kulikuwa ni toba iliyoishiwa pumzi katikati ya njia.

Kosa la tatu ndilo zito. Nidhamu isiyo na mwisho uliotajwa si nidhamu tena. Paulo, katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho sura ya 2, anawaandikia watu waliokwisha kumwadhibu mwenzao ipasavyo, naye anawahimiza wamsamehe na kumfariji ili asimezwe na huzuni ipitayo kiasi. Anahesabu huzuni kuwa kitu kinachoweza kumeza, na anaiweka dawa yake mikononi mwa usharika. Sisi tuliisoma barua hiyo kila mwaka na bado tukasema “tutaona”.

Nimelitafakari hili sana nikisoma Mathayo 27. Yuda alijuta, akasema nimekosa, akarudisha vipande thelathini vya fedha bila kupungua hata kimoja. Kwa kipimo cha baraza letu la kwanza, alikuwa amemaliza kulipa. Alivirudisha kwa makuhani, watu ambao kazi yao ilikuwa kumpokea mwenye dhambi, nao wakamwambia kwamba jambo hilo haliwahusu. Petro hakuwa na cha kurudisha. Alikana mara tatu kando ya moto wa makaa, na katika Yohana 21 Bwana mwenyewe anamwashia moto wa makaa mwingine, wenye samaki na mkate juu yake, anamlisha kwanza, ndipo anamuuliza mara tatu kama anampenda. Swali gumu lilikuja baada ya chakula. Utaratibu wetu ulikuwa umeugeuza mpango huo, chakula kikawa zawadi ya kumaliza mtihani.

Kuna jambo ambalo bado hatujalimaliza. Mama wa mayai hakurudi kumsalimia Mwalimu kwa muda mrefu, na wakati wa kugawana amani ibadani alikuwa akigeukia upande wa pili. Katika shauku yetu ya kumwokoa mmoja, tulimwachia mwingine kazi ya kusamehe bila kumtembelea hata mara moja kumuuliza alivyoumia. Mzee wa kila wiki alipangwa kwa ajili ya aliyekosa, wala hakupangwa kwa ajili ya aliyekosewa. Nilipokwenda hatimaye kwake, alinikaribisha, akanipa chai, akaniambia kwamba alichotaka tangu mwanzo ni mtu wa kanisa aje amwambie kwamba yale mayai yalikuwa na thamani. Mwalimu alipomaliza deni alimpelekea stakabadhi ya mwisho aione. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma hadi chini, akaiweka ndani ya Biblia yake. Jumapili iliyofuata alileta mayai matatu, kama alivyokuwa akileta siku zote, na yalipopigwa mnada Mwalimu aliyanunua, naye hakuyazuia.